Ufunguo Umo Sandukuni

Watalii hupanda ndege kuja Lamu kuvuta hewa ya bahari. Mimi hewa hiyo hiyo imenilia laptopu. Fundi kaifungua hapa kibandani kwangu Langoni, ninapochapa barua na kadi za arusi za watu, akaniangalia kama daktari anayetafuta jamaa wa mgonjwa. "Ami, chumvi imekula bodi kubwa na diski ya ndani. Bakapu unayo?"

Bakapu? Mimi? Kila Alhamisi baada ya laasiri nachomeka diski ya nje, nanakili kazi zangu zote, nikimaliza naifunga kwa kipande cha kikoi na kuiweka nyumbani chini ya nguo za Idi. Nikamtolea kwa madaha.

Bodi na diski mpya zikafika na boti ya Mokowe. Mashine ikawaka. Programu ya bakapu ikasema hainijui, inataka ufunguo wa leseni. Miaka minne nailisha kila wiki haijaniuliza jina, leo siku ya kutoa inataka kitambulisho!

"Ufunguo uko wapi, ami?"

Uko kwenye faili. Nimeliita FUNGUO ZOTE, kwa herufi kubwa, nisije nikalisahau. Na faili limo ndani ya bakapu. Kijana alicheka mpaka akakalia katoni yangu ya karatasi.

Mfumo wa kompyuta nao ukagoma. Eti leseni yake imefungamana na bodi iliyokufa, na kwake bodi mpya ni kompyuta mpya. Meza ni ile ile, kiti ni kile kile cha mguu mbovu, mimi ni yule yule, lakini hatujuani. Tukageuza mashine kusoma stika ya chini: herufi na tarakimu 25, mafungu matano ya tano tano, zimefutika kwa jasho la mapaja. Tukamulika kwa tochi ya simu. Fungu la tatu, hii ni B au 8? Mimi nasema B. Fundi anasema 8. Jirani akaitwa kutoka barazani, akavaa miwani, akasema ni 3.

Programu ya kadi ndiyo kiboko. Inaruhusu mashine mbili tu: moja ya mwanangu, moja marehemu. Yataka kwanza nitoke kwenye ile iliyokufa. Nimfufue maiti atie saini?

Hayo ningeyameza. Lakini mama wa biarusi kasimama mlangoni tangu asubuhi, kadi 300 hazijachapwa. Nikamweleza bodi, leseni, diski. Akanisikiliza mpaka mwisho, wallahi, kisha akasema atamtuma mwalishi apite nyumba kwa nyumba, majina yote anayo kichwani. Akanyosha mkono: arubuni yake.

Nikamwambia hesabu ya arubuni imo ndani ya bakapu.

Akasema yeye anaikumbuka, ni elfu mbili na mia tano.

Mimi nakumbuka elfu mbili. Ushahidi sina.