Shajara za Meinertzhagen na kifo cha Koitalel: zitumike au ziwekwe kando?

Maelezo yanayonukuliwa sana kuhusu namna Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi wa Kenya, alivyouawa tarehe 19 Oktoba 1905 yaliandikwa na mtu aliyemuua. Richard Meinertzhagen, afisa wa kikosi cha Uingereza cha Royal Fusiliers aliyehamia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, mwaka 1902, aliandika shajara karibu maisha yake yote. Makumi ya juzuu zake yamehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, na sehemu ya miaka ya 1902 hadi 1906 aliichapisha mwenyewe kama kitabu mwaka 1957, miaka kumi kabla ya kufa. Anayeandika leo juu ya vita vya Wanandi huishia kwenye kurasa hizo, apende asipende.

Wanaosema ziwekwe kando wana hoja nzito, na nzito kuliko zote imetoka kwa wataalamu wa ndege. Mwaka 1954 Meinertzhagen alilikabidhi jumba la makumbusho la historia ya asili mjini London mkusanyo wa ngozi za ndege zipatazo 20,000. Mwaka 1993 Alan Knox alionyesha kuwa baadhi zilikuwa na lebo za uongo. Pamela Rasmussen na Robert Prŷs-Jones wakaendelea na uchunguzi: ngozi ziliibwa kutoka makumbusho hayohayo, zikafanyiwa ukarabati, kisha zikapewa mahali na tarehe mpya. Kilichomfichua ni ufundi. Kila mchunaji ana namna yake ya kushona, kujaza pamba na kukunja mifupa ya bawa, na picha za eksirei huonyesha hayo yote. Bundi mmoja wa India ambaye Meinertzhagen alidai kumpata Gujarat mwaka 1914 alikuwa amekusanywa na mtu mwingine miongo kadhaa kabla. Walipoipuuza rekodi hiyo na kufuata zile za kweli, watafiti walimwona ndege wa aina hiyo akiwa hai mwaka 1997.

Kwenye maandishi mambo hayakuwa bora. Mwaka 1995 J. N. Lockman alichambua maingizo yanayomhusu T. E. Lawrence, afisa aliyejulikana kama Lawrence wa Uarabuni, akaonyesha kuwa yametungwa baadaye. Brian Garfield naye, mwaka 2007, alipitia maisha yote ya afisa huyu na kubomoa visa vyake kimoja baada ya kingine.

Upande wa pili unauliza: tukizitupa, tunabaki na nini? Tunabaki na taarifa za serikali, ambazo huhesabu ng'ombe waliotekwa na maadui waliouawa, basi. Meinertzhagen huandika yale ambayo taarifa hazikuthubutu. Anasema mwaka 1902 aliamuru watu wa kijiji kimoja cha Wakikuyu wauawe wote isipokuwa watoto. Watetezi wa shajara husema mtu hajisingizii ubaya wa namna hiyo. Hoja hii ina nguvu, lakini si kwa mwandishi huyu. Alichapisha mwaka 1957, hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ikiwa bado inaendelea Kenya, na kote katika maandishi yake anapenda kuonekana mkali asiyetetereka. Kwake ukatili ungeweza kuwa sifa. Kwa hiyo kanuni ya kumwamini mtu anapojishuhudia vibaya inahitaji kwanza ujue yeye mwenyewe aliona nini kuwa ni aibu.

Tatizo la msingi liko kwenye karatasi zenyewe. Zilizopo ni kurasa zilizopigwa taipureta, tena kurasa huru zilizowekwa kwenye majalada. Daftari lililoshonwa hulinda mpangilio wake: ukichomoa karatasi moja, mwenzake wa upande wa pili wa mshono analegea. Jalada la kurasa huru halina ulinzi huo. Unafungua, unatoa Jumatano, unaweka Jumatano nyingine.

Mtafiti anayekutana na karatasi za aina hii aanze na vitu visivyosema uongo kirahisi. Herufi za taipureta huchakaa kwa namna ya pekee: "e" iliyojaa wino, "t" iliyoinama. Ukurasa wa 1904 ukiwa na kasoro ileile ya herufi inayopatikana kwenye kurasa za miaka ya 1940, ulipigwa miaka hiyo ya 1940. Karatasi ishikwe mbele ya taa ionekane alama ya kiwanda, ukubwa upimwe kwa milimita, matundu ya jalada yalinganishwe, na madoa ya kutu ya vibanio yafuatwe: doa lililo ukurasa wa 40 na 42 lakini halipo wa 41 linakuambia 41 uliingia baadaye. Kisha lugha. Nchi ile iliitwa East Africa Protectorate hadi 1920, kwa hiyo ingizo la 1903 linaloiita nchi nzima Kenya ni la kutiliwa shaka. Vyeo vya watu vikaguliwe dhidi ya orodha za jeshi za mwaka husika. Siku za juma nazo: 19 Oktoba 1905 ilikuwa Alhamisi. Tahadhari moja, ambayo wengi huisahau: kupigwa chapa upya peke yake si ughushi. Maafisa wengi walinakili daftari zao uzeeni. Vipimo hivi hukuambia ukurasa ulitengenezwa lini, havikuambii kama maneno yake ni ya kweli.

Hapo ndipo linganisho linapoanza. Mambo ya eneo hili yalihamishwa kutoka wizara ya mambo ya nje kwenda wizara ya makoloni mwaka 1905, kwa hiyo kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, anayefuatilia uvamizi dhidi ya Wanandi wa miaka ya nyuma atazame fungu la FO 2 (mambo ya nje), na anayetafuta kifo cha Koitalel aende CO 533 (makoloni). Wengi huagiza fungu moja tu, wakarudi wakisema hakuna kitu. Nairobi pengo ni kubwa zaidi kwa sababu moto wa mwaka 1939 kwenye ofisi za sekretarieti uliteketeza kumbukumbu nyingi za miaka ya mwanzo.

Tukirudi kwenye mauaji yenyewe, jambo halibishaniwi: Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akauawa pale pale. Kinachobishaniwa ni sekunde chache. Meinertzhagen anasema alipotoa mkono alivutwa na kushambuliwa, ndipo risasi zikalia. Wanandi wanasimulia kuwa mkono huo ndio uliokuwa mtego. Mabaraza ya uchunguzi ya jeshi hayakumtia hatiani, lakini mwaka 1906 aliondolewa nchini. Masimulizi ya Wanandi nayo yapimwe: hesabu ya waliouawa hubadilika kutoka msimulizi hadi msimulizi. Lakini hayakupitia mkono wa mtu mmoja mwenye taipureta na miaka hamsini ya kurekebisha, na kwangu hilo linatosha kuyapa kipaumbele kuhusu nani aliyevunja ahadi.

Ndiyo maana naona mjadala umekazia macho juzuu za afisa na kuisahau familia. Katika mkusanyo wowote wa namna hii, kinachoaminika zaidi ni kile kilichotoka mikononi mwa mwandishi na kukaa kwa mwingine. Barua kwa mama ikishapigwa muhuri wa posta haiwezi kuandikwa upya. Stakabadhi ya meli, orodha ya vifurushi, albamu ya picha yenye maandishi nyuma, hizo ndizo za kutafutwa. Mama yake Meinertzhagen alikuwa dada wa Beatrice Webb, mwanamageuzi wa kijamii wa Uingereza, ambaye shajara yake iko London School of Economics na inasomeka mtandaoni; kwa miaka ya 1905 na 1906 ningeanza huko kabla ya Oxford. Na kwa familia ya Koitalel hili si la kitaaluma tu. Wanandi wanaamini kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Mwaka 2006 fimbo zake tatu zilirudishwa kutoka kwa familia ya afisa huyo. Kilichokuwa nyumbani kwa watu kiliweza kurudi. Fuvu, kama lilisafirishwa, liliacha karatasi mahali fulani.

Kuhusu kudai karatasi zenyewe ziletwe Kenya, sina haraka nalo. Nakala kamili ni muhimu zaidi kwa sasa, na kamili maana yake kila upande wa kila karatasi, hata mtupu, pamoja na jalada na matundu, kwa rangi, nukta 400 kwa inchi. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho ni karibu megabaiti 46 bila kubanwa. Nakala ya maneno tu ingefuta ushahidi wote wa herufi, kutu na mashimo. Kikwazo ni sheria: maandishi ya marehemu wa kizazi kile ambayo hayakuchapishwa yanalindwa na hakimiliki ya Uingereza hadi mwisho wa 2039, hata barua ya 1905. Kwa hiyo barua ya maombi iende kwa maktaba na kwa warithi pia, maana maktaba humiliki karatasi bila lazima kumiliki maneno yaliyomo.