Kipilipili, singa na suala la kujikubali

Kiswahili kina majina ya nywele, na majina yenyewe hayana ubaya. Singa ni zilizonyooka na kuteleza. Kipilipili ni zinazojisokota vidonge vidogo vidogo karibu na ngozi. Ubaya unaanza pale mtu anaposema "nywele nzuri" na wote waliopo wakaelewa, bila kuuliza, kwamba ni singa, huku za kipilipili zikiitwa ngumu, korofi, hazishikiki. Mtoto wa kike huyasikia maneno hayo akiwa amekaa chini, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mama au shangazi, kitana cha meno ya karibu kinavuta kuanzia kwenye mzizi. Anafundishwa kwamba kichwa chake ni tatizo kabla hajajua kusoma.

Mabishano tuliyonayo leo yanaanzia hapo. Wapo wanaosema mwanamke mweusi anayelainisha nywele kwa dawa hajajikubali, na kwamba kurudi kwenye nywele za asili ndiko kujirudishia utu. Wengine wanawajibu kwamba nywele ni za mwenyewe: leo atasuka, kesho atavaa wigi, keshokutwa atanyoa, na hakuna anayestahili kupima kama amejikubali kwa kumtazama kichwani. Mimi nilipakwa dawa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, nikaiacha nikiwa na ishirini na nane. Nimekaa pande zote mbili, na hakuna upande unaoniridhisha kabisa.

Upande wa kwanza una historia mkononi. Mwaka 1786 Esteban Miró, gavana wa Louisiana iliyokuwa chini ya Hispania, aliamuru wanawake huru wenye asili ya Afrika wafunike nywele zao kwa kitambaa, ili mtu akiwatazama ajue nafasi yao. Wakafunika, ila kwa vitambaa vya rangi kali na vilemba vya kuvutia kuliko hata nywele zilizofichwa. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilitumia penseli: inachomekwa kwenye nywele za mtu ambaye rangi yake haijaeleweka, ikidondoka anahesabiwa Mzungu, ikikwama anahesabiwa si Mzungu. Mwaka 2016, ubaguzi huo ukiwa umefutwa kisheria kwa zaidi ya miaka ishirini, wanafunzi wa Pretoria High School for Girls bado walilazimika kuandamana kupinga namna shule ilivyozichukulia afro zao. Na California ilipopitisha mwaka 2019 sheria iitwayo CROWN Act, jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo, ilikuwa ni kukataza watu kunyimwa kazi au kusumbuliwa shuleni kwa sababu ya kusuka, dredi au nywele zilizoachwa kama zinavyoota. Tangu hapo zaidi ya majimbo 20 yamefuata.

Kwa hiyo neno "chaguo" linahitaji kuangaliwa vizuri. Mwanamke anayejua kwamba akienda kwenye usaili na afro ataonekana hajajitengeneza, halafu akaenda kulainisha, amechagua kama mtu anavyochagua kupanda juu ya meza nyumba ikijaa maji.

Na dawa yenyewe si poda ya uso. Nyingi zinatumia kostiki soda au kemikali za ukali wa namna hiyo. Kazi yake ni kukata viunganishi vya protini vinavyozipa nywele msokoto wake, na dawa haijui nywele zinaishia wapi na ngozi inaanzia wapi. Kila aliyewahi kupakwa anaukumbuka ule moto unaoanzia nyuma ya masikio, na sauti inayosema "vumilia kidogo, ndiyo zinalainika", kisha vigaga vya siku ya pili. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11 walitoa matokeo: kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, na kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka yalikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Lakini kwangu unatosha kumfanya mtu asite.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kila aliyelainisha anajichukia. Madam C. J. Walker, Mmarekani mweusi aliyefanya biashara ya bidhaa za nywele, aliyezaliwa mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa watumwa, husimuliwa kama mama wa kunyoosha nywele. Ukweli ni kwamba alianza kwa sababu nywele zake zilikuwa zinanyonyoka, na bidhaa iliyomtoa ilikuwa ya kutibu ngozi ya kichwa. Wanawake wengi weusi waliouza bidhaa zake walipata pesa yao wenyewe katika enzi ambayo waliachiwa zaidi kufua na kufagia nyumba za watu. Huwezi kuwaambia hao hawakujithamini.

Tena, watetezi wa asili nao wamejenga ngazi yao. Tunapangwa kwa namba na herufi kufuata msokoto wa nywele, na kwenye matangazo anayewekwa mbele ni yule mwenye mawimbi makubwa yanayoning'inia. Mwenye 4C, yaani kipilipili chenyewe, anauziwa jeli "kutoa" mawimbi ambayo hana. Yule yule aliyekuwa mwisho wa foleni amebaki mwisho, ila sasa anaambiwa ajipende.

Na nywele hizi zina kazi. Mafuta ya ngozi hayashuki vizuri kwenye unywele uliojisokota, kwa hiyo zinakauka na kukatika. Ukisuka kwa kubana sana ili upumzike, za pembeni zinang'oka, na zikizoea kung'oka huenda zisirudi. Mama anayetoka kazini usiku na akaamua kuvaa wigi asubuhi simuulizi lolote.

Ninapokataa ni kwa mtoto. Hana usaili, hana bosi, na hakuulizwa. Mpwa wangu ana miaka saba, na Jumamosi ni zamu yangu. Nazilowesha, napaka mafuta, nagawa mafungu manne, nachukua chanuo na kuanzia nchani nikipanda taratibu kuelekea kwenye ngozi. Zinafunguka. Zile zile zilizoitwa ngumu. Juzi, nikiwa fungu la tatu, aliniambia akikua atavaa wigi refu la kufika mgongoni. Nikamwambia sawa, nikaendelea kuchana.