Kifaa Kimeboreshwa, Nyasi Zimekauka

Naomba mwenye elimu anieleze taratibu ni kwa nini kifaa ambacho kazi yake yote hapa duniani ni kufungua maji na kuyafunga kinahitaji programu mpya. Bomba la nyumbani kwetu Tanga lilifanya kazi hiyo hiyo utoto wangu wote bila kusasishwa na mtu. Hapa Dallas, ukutani mwa gereji yangu, kuna kisanduku cheupe kinachotumia intaneti, ambacho hupeleka umeme wa volti 24 kwenye vali zilizofukiwa bustanini ili vinyunyizio vifanye kazi. Kisanduku hicho kilijisasisha usiku bila kumtaka radhi mwenye nyumba, kisha asubuhi kikanitumia ujumbe wa simu kunipongeza.

Matunda ya pongezi hizo niliyaona Jumatano, saa kumi alasiri, jua likiwa kali la kukausha dagaa, pale vinyunyizio vilipochomoza ardhini na kuanza kurusha maji hadi barabarani. Asiyeishi hapa hataelewa kwa nini nilitoka mbio nikiwa na ndara moja. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba, jiji la Dallas linakataza vinyunyizio kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kila nyumba imepangiwa siku mbili tu kwa wiki kulingana na namba yake, na faini ya mkaidi inaweza kufika dola 2,000, fedha ambazo mjomba wangu wa Handeni angenunulia ng'ombe na akabaki na nauli. Mimi, raia mtiifu, nilikuwa nimepanga saa tatu usiku.

Tena nyasi zenyewe zinazonipandisha presha ni ukoka. Ndiyo, ukoka ule ule! Hapa wanauita bermuda, wanauuza ukiwa umekunjwa, na anayeuacha ukauke huandikiwa barua na chama cha wenye nyumba. Marehemu babu yangu alimaliza majembe kwa kuung'oa shambani, nami nimevuka bahari nikaingia deni la nyumba ili niunyweshe maji ya kulipia. Nashukuru kwamba habari hizi hazikuwahi kumfikia.

Huduma kwa wateja waliniagiza nizime kifaa, nisubiri sekunde 30, kisha nikiwashe, ushauri ambao nina hakika wangempa hata mgonjwa wa moyo. Nilitii, na hakuna kilichobadilika. Jirani yangu Mkongomani, mwenye kipimo cha umeme na moyo wa kusaidia, alipima waya mmoja baada ya mwingine, akanigeukia kwa huzuni: "Ndugu yangu, umeme uko sawa kabisa. Mashine hii haina ugonjwa wa mwili, ina ugonjwa wa akili."

Aliyeutambua ugonjwa huo ni mama watoto, ambaye kwa kumpigia simu mama yake kila wiki amekuwa bingwa wa tofauti za saa. Tanga hututangulia kwa saa nane majira ya joto na saa tisa majira ya baridi. Kifaa kilikuwa kimetutangulia kwa saa tano. "Baba watoto," akasema, "hiki hakipo Dallas wala hakipo nyumbani." Tukafungua mipangilio na kukuta orodha ndefu ya miji, Afrika ikitangulia kwa alfabeti, na baada ya kusasishwa kifaa kilikuwa kimejichagulia jina la kwanza kabisa, yaani Abidjan. Nyasi zangu za Texas zilikuwa zikimwagiliwa kwa saa za Ivory Coast.

Nilidhani kazi imekwisha, nikaanza kuitafuta Dallas. Dar es Salaam imo, Nairobi imo, lakini Dallas, jiji lenye watu zaidi ya milioni moja, ambamo kifaa chenyewe kimepigiliwa misumari, haimo. Mwenye kuishi ukanda huu wa saa hutakiwa kuchagua Chicago. Basi nikachagua Chicago, saa ikakaa sawa, nikalala.

Kumbe kifaa kilichukulia kwamba nimehama. Kwa kuwa kinajivunia kuahirisha umwagiliaji mvua inaponyesha, kilianza kunitumia ujumbe wa upole kwamba leo hakutakuwa na haja ya maji kwa sababu ya mvua nzuri ya Chicago, huku hapa udongo wetu mweusi wa mfinyanzi ukipasuka nyufa za kuingia kiganja. Sheria, kwa bahati, inaruhusu kumwagilia kwa mkono wakati wowote, kwa hiyo mmiliki wa mfumo wa kisasa sasa husimama uani na mpira wa maji akitazamwa na watoto wa jirani. Huduma kwa wateja wameahidi kwamba jambo hili litarekebishwa katika sasisho lijalo. Kwa sasa naomba Dallas ipate mvua, na ikishindikana, basi Chicago wapate ukame kidogo, na wanisamehe.