Kamera ilimuumbua Edgar Bergen, au ilimjenga?

Mwaka 1930, kabla redio haijampa umaarufu, Edgar Bergen, mchekeshaji Mmarekani wa ule usanii wa kumsemesha kikaragosi bila msanii mwenyewe kuonekana akichezesha midomo, alianza kuigiza filamu fupi za vichekesho za Vitaphone, kampuni ya Warner Bros. iliyokuwa na studio yake Brooklyn. Kwenye goti alimpakata Charlie McCarthy, kikaragosi wa mbao mwenye ulimi wa jeuri. Filamu hizo, za dakika kumi hivi kila moja, zilioneshwa sinemani kabla ya picha kubwa, na nyingi kati ya zile za Vitaphone zilichukua wasanii wa majukwaani na michezo yao ileile. Bergen aliendelea nazo hadi 1937.

Wanaozibeza wana hoja, na si ndogo. Bergen, ambaye midomo yake ilipaswa kutulia Charlie anaposema, alikuwa akiichezesha. Ukiwa umekaa viti vya nyuma ukumbini huoni kitu, lakini kamera ikisogea unaona kila kitu, na Charlie mwenyewe baadaye aligeuza aibu hiyo ya bwana wake kuwa utani wa kudumu. Herufi kama b, p, m, f na v haziji bila midomo, kwa hiyo msanii hujifunza kuzibadilisha kwa sauti za jirani. (Anayetaka kujaribu kwa Kiswahili aanze na “mama” na “baba”, aone atakavyopata tabu.) Isitoshe, jukwaani mtazamaji anawaona wote wawili wakati wote. Kwenye filamu, picha ikimwonesha Charlie peke yake, ujuzi uko wapi? Sauti ile ingeweza kuwa ya mtu yeyote aliyesimama kando.

Hoja hii ya mwisho ina pengo. Katika miaka ya mwanzo Vitaphone ilirekodi sauti kwenye sahani ya santuri papo hapo wasanii wakiigiza, na santuri haikatwi na kuungwa kirahisi kama utepe wa filamu. Kwa hiyo, katika filamu zile za mwanzo, mabishano ya Bergen na Charlie tunayoyasikia ni ya koo moja, linalobadilisha sauti mbili bila kupumzika.

Lakini kwangu hata hilo si kiini. Watu husema msanii wa aina hii huirusha sauti yake hadi kwa kikaragosi, lakini hakuna anayeirusha. Jicho likiona mdomo wa mbao unafunguka, sikio linalifuata jicho. Sasa fikiria ukumbi wa sinema wa 1930: sauti zote zinatoka kwenye spika, na Bergen mwenyewe ni picha tu kwenye kitambaa. Mbele ya watazamaji, bwana na kikaragosi wamekuwa sawa. Kamera ilimnyang’anya Bergen kiinimacho chake, hilo nakubali, ila ilimpa Charlie haki ya kuwa mtu.

Ndiyo maana kinachobaki ni tabia. Katika The Operation ya 1930, Bergen ni daktari na Charlie ni mgonjwa. Tazama kichwa kuliko midomo. Mwenye elimu anazungumza kwa upole na heshima zake zote, na yule wa mbao anageuka, anamkazia macho, kisha anamjibu jeuri ambayo mtoto wa kweli angechapwa kwayo. Redio ilithibitisha jambo hilohilo. Desemba 1936 wawili hao walitokea kwenye kipindi cha redio cha mwimbaji Rudy Vallee, na 1937 wakapata chao, ambako hakuna aliyeona mdomo wala mbao, na Marekani nzima ikamzungumzia Charlie kama jirani. Bergen alipopewa Oscar ya heshima mwaka 1938, ilikuwa ya mbao.

Kuna shtaka jingine ambalo siwezi kulitetea. Mojawapo ya filamu hizo, ya miaka ya mwanzo ya 1930, inaitwa Africa Speaks... English, na jina peke yake limeshabeba mzaha wote: Afrika kufungua kinywa na kutoka Kiingereza, eti kichekesho! Watetezi watasema ndiyo ilikuwa zama zile. Sawa, lakini ucheshi wa Charlie ulikuwa na nguvu kwa sababu aliwapiga waliomzidi cheo, yaani daktari, bwana, mwenye pesa. Humo anawacheka watu ambao hawakupewa nafasi ya kumjibu, na hata bila kuhukumu maadili, kichekesho kinapwaya.

Kwa anayeanza, The Operation inatosha. Ile ya Afrika iwekwe, isichomwe, itazamwe baadaye na mtu anayejua anachokiangalia.