Mbuzi wa Ulimi

Mwezi wa saba, baridi ya usiku Lubumbashi inaweza kushuka chini ya digrii 10, na wengi wetu hatuna cha kupasha nyumba isipokuwa mbabula, jiko letu la makaa. Kwa hiyo muyomba, yaani mjomba, wa mke wangu alipokuja kumaliza maneno ya mahari iliyobaki, nikaamua kumpokea kwa wiski ya moto yenye matufaha. Pome, kama tunavyosema huku.

Hesabu niliijua. Watu 4: juisi lita 1, wiski mililita 200, mdalasini vijiti 2, karafuu 6, iliki 3, tangawizi ya kidole gumba iliyopondwa, asali vijiko 2. Nilinunua pome 12 za kijani, zile chachu, maana nyekundu zikichanganyika na asali unakunywa sharubati. Nikazikwaruza, nikazikamua kwenye kitambaa, nikatia limao upesi kabla juisi haijageuka rangi ya kutu.

Hadi hapo nilikuwa mtu mwenye akili.

Halafu nikachungulia sufuria. Karafuu 6 zilionekana kama mbu waliozama ziwani. Nikaongeza 8. Mafuta ya karafuu ndiyo yale ambayo madaktari wa meno hutia fizi ganzi, lakini wakati ule sikuwaza meno ya mtu. Vijiti vya mdalasini navyo havikuwepo, nikamwaga unga. Unga huo hauyeyuki, unavimba. Juisi ikaanza kuvutika kama dongodongo, yaani bamia, ikabidi niichuje mara mbili.

Sasa wiski. Juisi inatakiwa itetemeke tu pembeni, dakika 20, bila kutokota. Kisha unaepua, na wiski unaipima kikombe kwa kikombe, mililita 50 kila mtu. Ukiimimina kwenye sufuria inayochemka, pombe inapanda na mvuke, na chini yake kuna makaa mekundu. Mimi niliimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Bufu!

Moto wa buluu ukanilamba uso. Mke wangu hakupiga kelele wala hakutafuta maji. Alichukua kifuniko, akafunika, moto ukafa. Akaniangalia. "Papa, nyusi moja imebaki." Bahati yetu moto haukuingia kwenye chupa.

Muyomba alikunywa kikombe kizima kwa heshima. Zamu yake ya kusema ilipofika, alitaka kutamka "mbuzi sita kamili". Ulimi ukamgomea.

"Mbuzi… sitaka… sitaka…"

Shemeki, yaani shemeji, aliyeshika kalamu akainua kichwa. "Muyomba amesema mbuzi hataki?"

"Ndiyo hivyo," nikajibu haraka. "Andika."

Mzee alitikisa kichwa, akaonyesha vidole sita, lakini shemeki alikuwa ameshainama kwenye daftari.

Asubuhi, ganzi ilipoisha, ukaja ujumbe: mbuzi saba. Wa saba ni wa ulimi.