DDT: dawa iliyookoa watu ikaangamiza ndege

Mjadala wa kemikali na mazingira ukipamba moto, haukosi kuishia kwenye swali moja: mtu kwanza au ndege kwanza? Watetezi wa viuatilifu husema anayemlilia ndege hajawahi kukesha na mtoto mwenye malaria. Wapinzani hujibu kwamba sumu ni sumu tu. Sioni kemikali inayofaa kupimia hoja hizi kuliko DDT, dawa ya kuulia wadudu, maana huko kila upande una ushahidi wa kweli mkononi.

Nianze na watetezi, kwa kuwa siku hizi hubezwa kabla ya kusikilizwa. Mwaka 1939 mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 akatunukiwa Nobel ya tiba. Kisiwani Sri Lanka, wagonjwa wa malaria walikaribia milioni 3 mwaka 1946. Mwaka 1963 walikuwa 17 nchi nzima. Afrika Kusini nayo iliiacha DDT mwaka 1996 ikahamia dawa za jamii ya pareto. Mbu aina ya Anopheles funestus, aliyekwisha kuwa sugu kwa dawa hizo, akarejea, na mwaka 2000 wagonjwa wakapindukia 60,000. DDT ikarudishwa, malaria ikashuka. Dawa mpya za tiba ziliingia karibu wakati huohuo, kwa hiyo sifa zote si za DDT, lakini kuyafumbia macho hayo ni ukaidi.

Sasa twende Clear Lake, ziwa la California. Kero ya huko ilikuwa wadudu wadogo kama usubi, ambao hata hawaumi. Hakuna mgonjwa aliyekuwa akiokolewa; wadudu hao walikuwa wanawaudhi wavuvi na wageni wa mapumziko, basi. Kati ya 1949 na 1957 ziwa lilitiwa mara tatu DDD, ndugu wa karibu wa DDT, na wahusika walikuwa waangalifu: hata kipimo kilipoongezwa, kilikuwa sehemu moja ya dawa kwa sehemu milioni 50 za maji. Kwa hesabu ya karatasini, si kitu. Ila dawa hii haipendi maji, inapenda mafuta. Vijimea na vijidudu vinavyoelea ziwani viliifyonza, samaki wadogo wakavila, wakubwa wakawala wadogo, na vibisi, ndege wa majini, wakawala samaki. Mafuta ya vibisi waliokufa yalipopimwa, yalikutwa na sehemu 1,600 kwa milioni, yaani takriban mara 80,000 ya kiwango kilichotiwa majini.

Hapo ndipo hoja pendwa ya wenye viwanda, kwamba madhara hutegemea kipimo, inapopwaya. Kama kanuni ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba kipimo kinachosomwa kwenye pipa sicho kinachomfikia mnyama aliye juu ya mnyororo wa chakula, na mwili wake hauna njia ya haraka ya kukitoa.

Madhara mengine hayaachi hata mzoga wa kuokota. Huko Uingereza, mtafiti wa ndege Derek Ratcliffe alichukua mayai ya kozi, ndege mwindaji, yaliyohifadhiwa na wakusanyaji tangu zamani, akayapima na kuyapima uzito, kisha akayalinganisha na mapya. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1967 yalionyesha maganda yalianza kuwa membamba ghafla kuanzia 1947 hivi, miaka ileile DDT ilipoanza kutumika kwa wingi. DDT ikivunjika mwilini huacha DDE, na hiyo huzuia kalsiamu isifike kwenye ganda ipasavyo. Mama akilalia mayai ayaatamie, yanapasuka chini yake. Yeye mwenyewe mzima, anaruka na kuwinda kama kawaida.

Kwa hiyo nani yuko sahihi? Kwa maoni yangu, swali la mtu au ndege limewafaa zaidi wafanyabiashara kuliko wagonjwa. Sehemu kubwa ya DDT haikwenda kwenye kuta za nyumba zenye malaria. Ilimwagwa mashambani, mara nyingi kwa eropleni. Na umwagaji huohuo uliwazoesha mbu sumu wakawa sugu, hivyo dawa ikapungua makali hata pale ilipohitajika kweli. Sri Lanka haikusimamisha upuliziaji mwaka 1964 kwa shinikizo la watetezi wa mazingira. Ilidhani malaria imekwisha, na mlipuko wa 1968 na 1969 ukawaugua watu zaidi ya nusu milioni malaria. Marufuku ya Marekani ya 1972 ililenga hasa kilimo, na Mkataba wa Stockholm wa 2001, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti sumu zinazodumu, uliacha mlango wazi kwa udhibiti wa mbu.

Wenye msimamo wa sumu ni sumu nao wana la kujibu. Dawa ukoko, yaani inayopuliziwa ikagandia, kwenye ukuta wa ndani haiwezi kulinganishwa na tani zinazomwagwa juu ya mashamba na mito. Lakini hata ukuta huo hauna usafi wa kujivunia: DDT imepatikana katika maziwa ya akina mama wanaoishi kwenye nyumba zilizopuliziwa, na mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Ningeikubali pale tu ambapo dawa nyingine zimeshindwa kuua mbu, tena kwa sharti kwamba wanaolala ndani ya kuta hizo wapimwe damu na maziwa na waelezwe majibu yao, kwa kuwa wao ndio wanaobaki nayo mwilini miaka mingi baada ya mpuliziaji kuondoka.