Komedi za Kuwacheka Watengeneza Filamu: Zitachekesha Kigoma?

Mtazamaji wa kibanda umiza pale Mwanga au Ujiji anaijua filamu ikiwa imeshaiva. Steling anamjua, adui anamjua, hata ngumi isiyomgusa mtu anaiona. Ya kwenye seti, pale filamu inapopigwa, hayajui. Kikundi cha Kigoma kinachotaka kutengeneza komedi ya kuwasuta watengeneza filamu wenyewe lazima kianzie hapo.

Wanaozitetea komedi hizi husema anayeifanya kazi ndiye anayejua inapouma. Ni kweli. Singin' in the Rain (1952) inarudi 1927, sinema zilipokuwa zinaanza kusema. Maikrofoni inafichwa kichakani. Mwigizaji akigeuza kichwa, sauti inapotea. Inahamishiwa kifuani, inanasa mapigo ya moyo. Hapo hata asiyewahi kushika kamera anacheka, maana chanzo na matokeo vyote anaviona.

Lakini mtu wa ndani huwachapa wenzake kwa fimbo laini. The Player (1992) inamkejeli bosi wa studio anayeua mtu na kuponyoka, ila mastaa kibao wa Hollywood wamejitokeza humo kama wao wenyewe, kejeli ikageuka kuwa karamu ya ukoo. Usipozijua sura zile, utani mwingi unakupita. Wakati mwingine fimbo humpata asiyehusika: Tropic Thunder (2008) iliwalenga waigizaji wenye uchu wa tuzo, lakini watetezi wa watu wenye ulemavu wa akili waliipinga kwa neno la matusi lililorudiwarudiwa humo.

Kwa wenye mfuko mwembamba, naona mfano bora ni One Cut of the Dead ya Japani (2017). Inaanza na filamu ya mazombi ya dakika 37 bila kukatwa, imejaa kasoro: mazungumzo yanakwama, kamera inalala chini hadi unachoka. Baadaye ndipo tunaonyeshwa kuwa mgongo wa mpigapicha uligoma. Kasoro kwanza, sababu baadaye. Mtazamaji anafundishwa seti bila kuhubiriwa.

Tuseme mnashuti ufukweni Kibirizi: kijana anamtamkia binti mapenzi, upepo wa ziwa na injini ya boti vinameza maneno. Mkirekodi sauti mbovu kweli, watu watasema ni uzembe wenu, na hamtakuwa na pa kurudi. Rekodini mazungumzo safi, maikrofoni ikiwa karibu na mdomo na imevikwa manyoya ya kukinga upepo. Injini irekodiwe peke yake, walau dakika moja. Kwenye kuhariri, kelele ipande pale tu neno "nakupenda" linapotoka, tena mara tatu: ya kwanza mtu atadhani ni kosa, ya pili atashuku, ya tatu atacheka. Ndipo kamera igeuke imwonyeshe fundi sauti akipunga mikono boti ikae mbali, na nahodha, akidhani ni abiria anayeita, anakata kona kuja kumchukua.